Maji Hutazama kutoka Chini

Mwoga kuliko Mwalimu sijapata kumwona, na nimeishi na waoga wengi, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao. Aliogopa mbwa, aliogopa ng'ombe wenye pembe, aliogopa radi, aliogopa mtu yeyote aliyevaa magwanda, hata yule mlinzi wa duka la jumla pale Kitale ambaye silaha yake ilikuwa rungu na filimbi. Mbwa akimbwekea, Mwalimu alivua kofia akamwamkia, "Habari yako, mkubwa," halafu akahamia upande wa pili wa barabara. Kitambulisho chake alikiweka ndani ya soksi. Nilipomuuliza sababu, alisema mwizi akikuvua koti hatafika kwenye soksi, na kama amefika kwenye soksi basi huo si wizi tena, ni mambo mengine.

Alizaliwa wapi, alikuwa mtoto wa nani, sijui vizuri na wala sikuuliza. Nilimkuta tayari ni mzee, amestaafu kufundisha uchoraji katika shule ya sekondari, anaishi peke yake katika nyumba ya mabati nje kidogo ya mji. Kila Jumamosi aliwachukua watu wazima wachache hadi mto Nzoia, karibu na Moi's Bridge, akawafundisha kuchora kwa rangi za mafuta. Jina lake nalijua, lakini hakupenda liandikwe popote, na mimi sitaanza leo kumkosea. Hata picha zake hakuzitia sahihi. Alisema jina ni mkia, na anayetaka kukukamata huanza na mkia.

Mimi wakati huo nilikuwa naandika mabango. Ukipita Kitale miaka ile na kuona "Kinyozi Safi" au "Hoteli ya Amani" kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha samawati, huo ulikuwa mkono wangu. Nilichora pia ng'ombe wa kwenye kuta za bucha, wale wanaotabasamu kana kwamba hawajui kilichomo ndani. Nilichoka na tabasamu lile. Nilitaka kuchora kitu kinachojua hali yake, ndipo mwenye duka la rangi akanielekeza kwa Mwalimu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kosa la mwandika mabango: kila kitu nilikizungushia mstari mweusi. Nilimzungushia mtu, nikalizungushia jiwe, nikauzungushia na mto wenyewe. Mwalimu aliitazama kazi yangu kwa muda, akaniuliza kwa upole kama mto ule ulikuwa unauzwa. Kisha akanipa kitambaa nifute mistari yote. Hilo ndilo alilolipenda katika rangi za mafuta, kwamba hazikauki haraka. Unaweza kukosea asubuhi ukajutia jioni na rangi bado imelowa inakungoja.

Kosa langu la pili lilimuudhi zaidi. Nilichora mwanamke anayefua kando ya maji, halafu nikageuza picha juu chini nikamchora tena vile vile, nikaona nimemaliza kazi ya taswira yake majini. Aliniamuru nipige magoti ukingoni, yeye akibaki nyuma, mbali, na nitazame mwanamke yule alivyoonekana majini. Nilitazama. Majini niliona upande wa chini wa beseni, ambao kwenye ukingo haukuonekana kabisa. Niliona kidevu chake kutoka chini, na kitambaa chake cha kichwa sikukiona.

"Maji si fotokopi," Mwalimu alisema. "Maji iko chini. Inakuangalia kutoka chini, vile mtoto wa kutambaa anakuangalia. Yeye anaona nini? Anaona ndani ya pua, anaona chini ya kofia. Wewe chora kile maji inaona, si kile unajua."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na mengine niliyaandika ukutani kwangu kwa herufi zangu za bango. Alisema cheupe kikiingia majini hupunguza maringo, na cheusi hupata huruma kidogo, maana ndivyo ilivyo kweli: shati jeupe huonekana limefifia ndani ya mto, na suruali nyeusi huonekana imepauka. Alisema mtu aliyesimama nje hashikiliwi na miguu yake bali na mwanga ulio nyuma yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Bungoma, l na r zikibadilishana viti kadiri zilivyotaka, na alipohimiza tupake "porepore, porepore," tulicheka, naye alitucheka kwa kucheka kwetu.

Kichekesho kikubwa kilikuwa kamba. Mwalimu, aliyechora maji maisha yake yote, aliyaogopa maji kuliko chochote. Hakujua kuogelea, na hakukubali hata kulowesha kidole. Kabla ya kufungua rangi alijifunga kamba ya katani kiunoni, akanipa ncha ya pili niifunge kwenye mti wa blugamu, kisha akaja kukagua fundo. Watoto waliochunga ng'ombe walikaa kumtazama mzee aliyefungwa kamba karibu na mto na kumwuliza kama ameletwa malishoni. Aliwajibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, ila malisho ya hapa hayamtoshi.

Na mtu huyo huyo, kwenye habari ya rangi, hakumwogopa yeyote. Kuna mchungaji wa kanisa moja aliyemtaka achore mto wa ubatizo nyuma ya madhabahu, maji ya samawati safi. Mwalimu akachora Nzoia ilivyo, rangi ya chai ya maziwa. Mchungaji akataka ibadilishwe. Mwalimu akamwambia mbele ya wazee wa kanisa kwamba waumini watabatizwa katika mto wanaoujua au picha ibaki bila mto. Alipotoka nje alinishika bega hadi nyumbani. Lakini mto ulibaki na rangi yake.

Sasa nije kwenye kofia. Ilikuwa kofia ya majani yenye ukingo mpana, imechakaa, na haikuwa yake ya kuvaa. Ilikuwa ya kuazimisha. Miaka ile kulikuwa na vita vya mashamba huko mlimani, Elgon, na hofu iliteremka hadi kwetu mjini. Wale waliokuwa msituni walichukua vijana kwa nguvu wawe wapiganaji wao. Wenye magwanda waliopanda kuwatafuta walimwona kila kijana wa mlimani kuwa ni wa msituni. Katikati hapo hakukuwa na mahali pa kusimama. Basi ukimwambia mtu mtoni kwamba unataka kumchora, alikuuliza unampelekea nani picha hiyo, akaokota nguo zake akaondoka. Wanafunzi wenzangu nao waliacha kuja, nikabaki peke yangu. Ndipo Mwalimu akaanza kuja na kofia. Kila aliyekubali kuchorwa alivikwa, ukingo ukashushwa hadi puani. "Ukivaa hii," aliwaambia, "hata mama yako hakujui."

Sisi ni watu wa mlimani. Nyumba yetu ilichomwa mwaka huo na kila kilichokuwemo, picha zetu zote zikiwa humo. Mama alipokewa na dada yake Bungoma mjini. Ndugu yangu mdogo, ambaye alikuwa amekataa kwenda msituni, alishuka kwa miguu akaja kujificha kwangu mimi dada yake, chumbani Kitale. Upande mmoja ulimtafuta kwa kukataa, upande wa pili ulimtafuta kwa kudhani amekubali. Na kumtambua hakukuwa kugumu: tangu utotoni alikuwa na baka jeupe shavuni, pale alipoungua na uji. Nilitoka asubuhi nikafunga mlango kwa nje na kufuli ili ionekane hakuna mtu. Nilipoandika mabango, kila aliyesimama nyuma yangu nilidhani amekuja kuniuliza juu yake. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba mtu atamwona.

Nilimweleza Mwalimu kwa sababu kulikuwa hakuna mwingine wa kumweleza. Nilitegemea anifukuze. Mtu anayemwamkia mbwa angewezaje kutaka habari kama hizo? Alisafisha brashi zake zote, hata zilizokuwa safi. Kisha akasema mtu akifungiwa sana atatoka siku moja akikimbia, na anayekimbia ndiye anayeonwa.

"Mlete Jumamosi," alisema. "Nahitaji mtu wa kusimama. Kofia si iko?"

Tulitoka alfajiri. Mahali petu mtoni palikuwa palepale, juu kidogo ya daraja, upande maji yanakotoka, penye kidimbwi cha maji yaliyotulia. Ndugu yangu alikunja suruali akasimama kwenye jiwe lililo karibu na ukingo, kofia imemfunika, mikono mfukoni. Alivuta hewa mpaka nikamwona mabega yakishuka. Mwalimu alijifunga kamba, nikafunga fundo, akaanza.

Sijawahi kumwona akichora vile. Alipaka rangi nene, jiwe kwa kisu, maji kwa brashi pana, na alipofika kwenye taswira alisogea mbele, akasogea tena, mpaka kamba ikakaza. Akaifungua mwenyewe bila kuangalia, akaiacha ikaanguka kwenye majani. Nilitaka kumwambia kwamba yuko karibu na maji kuliko alivyowahi kuwa, lakini niliogopa kumgutusha. Alimaliza jua likiwa juu. Ndugu yangu kwenye picha alikuwa kijana yeyote wa Trans-Nzoia, kofia na kidevu, na chini yake mto umelala kimya.

Mama mmoja alikuwa akipita na debe la mahindi kichwani. Alisimama nyuma yetu kupumzika, akaitazama picha, akainamisha shingo upande.

"Huyu si kijana wa kule juu, ule mwenye baka?" aliuliza. "Mbona mmemweka kichwa chini?"

Tulitazama sote. Juu ya jiwe hapakuwa na uso. Lakini Mwalimu alikuwa amechora kile ambacho maji yaliona, na maji yaliona chini ya ukingo wa kofia. Pale majini, mkubwa kama yai, ulikuwepo uso mzima wa ndugu yangu, macho, mdomo na lile baka. Nilikuwa nimefundishwa jambo hilo nikiwa nimepiga magoti palepale, na sikuliwaza hata kidogo.

Yule mama hakuwa na ubaya. Alimsalimia ndugu yangu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba huko sokoni watu wanamuulizia sana, wengine hata si wa kule. Akajitwika debe lake akaenda. Ndugu yangu alivua kofia akanipa. Akaniambia, "Dada, usinifuate," akaingia kwenye mahindi upande wa kuelekea Bungoma. Nilisikia majani yakikwaruzana kwa muda, kisha sikusikia kitu. Sikulia. Hofu ilikuwa imekausha kila kitu.

Mwalimu alichovya kitambaa kwenye tapentaini ya kufutia rangi akakipeleka kwenye ule uso. Mkono ukasimama. Akautazama, akakirudisha kitambaa.

"Nitaitoa nyumbani," alisema. "Na kisu, porepore. Hapa nitaharibu maji yote."

Nilimwambia afute sasa hivi. Alitikisa kichwa. Siku zote nilikuwa nimemcheka kwa uoga wake, na siku hiyo moja nilipotaka aogope, hakuogopa. Alikuwa amechora maji bora kuliko yote ya maisha yake, na alikuwa anayapenda. Nilimkasirikia, nikaenda kuifungua kamba mtini peke yangu.

Tulipata lifti kwenye pikapu iliyobeba magunia ya mahindi. Picha mbichi haifungwi wala haifunikwi, kwa hiyo Mwalimu aliipakata mapajani, wazi, ikitazama mbinguni. Tulipokaribia mji, gari likapunguza mwendo. Kulikuwa na kizuizi barabarani na wenye magwanda kadhaa, wakishusha watu na kufungua mizigo. Mmoja wao nilimjua. Alikuwa kijana wa kwetu, aliyesoma darasa moja na ndugu yangu.

"Shukeni wote," alisema mkubwa wao. "Na hiyo picha mzee, leta tuone."

Mwalimu alikuwa mtu wa kushuka pikapu kinyumenyume, akitafuta ardhi kwa kidole cha mguu. Safari hii alisimama wima juu ya magunia, akaikumbatia ile picha kifuani, upande wa rangi ukiwa ndani, akajitupa chini. Alianguka juu yake kwa mbele, tumbo zima. Aliposimama, turubai la picha lilikuwa tope tupu la rangi, na shati lake jeupe la Jumamosi lilikuwa limepata mto wote.

Mkubwa wao alimuuliza ni nini hiyo.

"Nimeanguka, afande."

"Umeangukia nini?"

"Mto," alisema Mwalimu.

Wakacheka, mmoja hata akashika mbavu. Mimi walinipekua mkoba wakakuta kofia, wakairusha chini. Yule kijana wa kwetu hakucheka. Aliniuliza ndugu yangu yuko wapi, nikasema hatujaonana tangu nyumba ichomwe. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama shati la Mwalimu, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Mwalimu naye alikuwa ameinamisha uso, macho yake kwenye tumbo lake mwenyewe, hayatoki hapo. Nilidhani ni aibu, au hofu imemmaliza.

"Ilikuwa picha ya nini?" kijana aliuliza.

"Maji tu, kijana yangu," Mwalimu alisema bila kuinua kichwa. "Ilikuwa maji tu."

Walitwambia twende zetu. Mlangoni kwake Mwalimu alishindwa kutia ufunguo kwenye kufuli, nikamfungulia. Aliniambia nisije tena, kwa usalama wangu na wake. Baadaye kidogo nikasikia amehamia Matulo, upande wa Webuye, kwa dada yake, na ile nyumba ya mabati ikapangishwa kwa watu wengine.

Ndugu yangu alifika Bungoma, akalala kwa mama usiku mmoja, kisha mtu mmoja akaja na habari kwamba amevuka mpaka na kuingia Uganda. Baada ya hapo hakuna habari iliyokuja. Mlima ulitulia, watu wakaanza kurudi na kujenga, na bado hakuna aliyetuambia kama yu hai. Niliogopa simu ikilia na niliogopa isipolia. Siku moja mama aliniambia kwamba ameanza kumsahau mdomo. Macho anayakumbuka, alisema, na lile baka, lakini mdomo umeanza kumpotea. Nilimwambia kwamba ilikuwepo picha moja, na ilivyoharibika. Akasema twende kwa huyo aliyeichora, huenda mkono wake unakumbuka.

Tulimkuta Matulo, uani kwa dada yake, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amekonda na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Kisima cha boma kilikuwa mbali naye, na alikuwa amekizungushia kamba ya katani pande zote. Nilicheka nikalia kwa pamoja. Alinijua kwa sauti, akauliza kama bado nazungushia mito mistari.

Mama alimshukuru kwa lile la barabarani, kisha akamwomba amchoree mwanawe tena. Mwalimu alinyoosha mkono wake tuuone. Ulikuwa unatetemeka, na haukuwa uoga sasa, ulikuwa uzee. Alisema hawezi, mama asimdai lisilowezekana. Halafu akaingia ndani, akarudi na mfuko wa unga uliokunjwa vizuri, akamtolea mama lile shati.

Tulilikunjua. Rangi ilikuwa imekauka ngumu. Niliona kahawia, kijani, michirizi myeupe, na pale chini tumboni doa la rangi lililochanganyikana. Mama alilinyanyua mbele ya jua, akalitazama, akanitazama mimi. Hakukuwa na mtu mle.

"Si hivyo, Mama," Mwalimu alisema. "Vaa."

Mama alisita. Kisha akalivaa juu ya gauni lake na kufunga vifungo, nami nikamsaidia kile cha juu.

"Sasa angalia chini."

Mama aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu, kidevu kifuani. Nikaenda nikasimama nyuma yake, nikatazama juu ya bega lake. Kichwa kilichokuwa chini majini, kwa aliyevaa shati kilikuwa kimesimama wima. Kilikuwa kimekwaruzika kidogo upande wa sikio, lakini kilikuwa yeye, anatazama juu, kutoka chini.

"Wale wakiniuliza maswali, mimi nilikuwa namwona," Mwalimu alisema. "Alikuwa ananiangalia. Na yule kijana anapindua kichwa, anapindua, nikajua akipata kupindua sawasawa tumekwisha. Sijawahi kuogopa namna hiyo. Ndio maana sikukuambia hata wewe. Na kuliosha, nikashindwa."

Mama aliweka kidole kwenye ule uso, taratibu, kana kwamba rangi bado imelowa.

"Baka liko upande wake," alisema. "Na mdomo ndio huu."

Alikataa kulivua. Tulimuaga Mwalimu tukaenda hadi barabarani hivyo hivyo, mama katika shati la kiume lililojaa rangi, na watu wakitutazama wakidhani mama ana matatizo. Hakuwajali. Alitembea ameinama. Tulipokuwa tunangoja gari la kurudi Bungoma, lori la wenye magwanda likapita polepole kuelekea Webuye, na vijana waliokuwa juu yake wakatutazama tu, kama watu wanavyotazama njiani. Mama aliliona. Akakunja mikono yake yote miwili juu ya tumbo, akamfunika, na hakuikunjua mpaka lori lilipopotea.